Mgahawa wa ufukweni Mwanza: sato safi, lakini maegesho yaulizie kabla hujaagiza

Nianze na chakula, maana ndicho kinachouzwa pale na kinastahili sifa. Sato wao wa kuchoma ni mzuri kweli. Nimekula sato maisha yangu yote, Ukerewe nilikozaliwa na hapa Mwanza ninakoshona, na huyu namweka katika wale bora wa migahawa ya jiji. Maegesho ni habari nyingine. Ndiyo yaliyonifanya niandike kirefu, kwa sababu najua wapo wengine waliopigwa deni la namna hii, wakaambiwa na meneja "tumefuta", na bado wanadaiwa.

Jina la mgahawa silitaji. Meneja wake mwishoni alisimama upande wangu na sitaki kumharibia kazi. Upo ufukweni, upande wa mjini, chini ya jengo lenye wapangaji wengine: duka la dawa, saluni, na ofisi kadhaa ghorofani. Hilo la wapangaji wengi lishikeni, litarudi.

Nilikwenda Jumamosi na mjomba wangu. Alikuwa amevuka kutoka Nansio kwa ajili ya kliniki yake Bugando na nilitaka ale vizuri kabla hajarudi. Mjomba amevua tangu ujana wake na haagizi samaki ambaye hajamwona. Mhudumu, binti mwenye adabu sana, hakununa. Alituletea sinia la sato wabichi tuchague wenyewe. Mjomba akafunua mashavu kuangalia wekundu, akatazama macho, akabonyeza mgongo kwa kidole kuona kama nyama inarudi. Kisha akasema huyu mmoja ni wa ziwani, hawa wengine ni wa kizimba, yaani waliofugwa. Binti akakubali kwamba ndivyo. Nilimpenda hapo hapo, maana kuna sehemu nyingi wanakuapia kwamba kila samaki katoka Ukara jana usiku. Sina ubaya na samaki wa vizimba. Vinasaidia watu wengi wa ziwa hili kupata kitoweo na ajira, ila mimi naona nyama yake ni laini zaidi na ina mafuta, na mtu ana haki ya kujua anachokilipia.

Walimchoma kwa mkaa, chumvi, ndimu na kitunguu saumu, basi. Hawakumzamisha kwenye rojo la viungo linaloficha kama samaki amelala siku tatu. Ngozi ilikuwa kavu, ndani kuna unyevu, mifupa inaachia yenyewe. Ugali upo wa sembe na wa udaga, yaani wa muhogo, na huo wa udaga ulikuwa umesongwa na mtu anayeujua: mweusi kidogo, unanata kwenye kidole, hauna mchanga. Mjomba alimaliza wote bila kusema neno. Kachumbari ilikatwa muda ule ule. Sato wa watu wawili 28,000, ugali 2,000 kila sahani. Kwa mahali penye upepo wa ziwa, viti vizima na choo chenye maji na sabuni, sioni kwamba wameibia mtu.

Shida ilianzia kwenye muda. Karatasi ya oda yetu ina saa, 13:21. Samaki alifika mezani ikikaribia saa tisa. Jiko silaumu sana, kwa kuwa sato mnene akichomwa haraka anaungua nje na ndani anabaki mbichi, na mimi mwenyewe nisingependa aharakishwe. Lakini pale nje kuna utaratibu ambao mgahawa unaujua na mteja haujui. Maegesho hayasimamiwi na mgahawa. Kuna kampuni binafsi iliyopewa uwanja mzima. Ukiingia unapewa tiketi yenye saa, na mteja anaruhusiwa saa mbili bure akipigiwa muhuri kwenye tiketi hiyo. Akizidisha, anadaiwa 50,000. Bango linalosema hayo limesimikwa karibu na geti la kutokea, limegeukia ndani, kwa hiyo aliyeingia kwa geti la kwanza analisoma akiwa anaondoka. Nililipiga picha, pamoja na geti lenyewe, ili anayebisha aone.

Tiketi yangu ilisema 13:08. Risiti ya chakula ya EFD, ile mashine ya kodi inayoandika saa, ilitoka 15:47. Tulipofika kwenye gari, tairi la mbele lilikuwa limefungwa mnyororo.

Mlinzi alikuwa mzee wa makamo, mpole. "Mayu, umezidisha. Mie natumwa tu." Sikumgombeza. Nilirudi ndani kumwita meneja, naye akatoka mara moja, na hilo nalihesabu kuwa jema. Akaangalia tiketi, akaangalia oda, akasema mbele ya mlinzi, mjomba na yule binti: "Mama, usihangaike. Sisi ndio tumekuchelewesha. Hiyo tunaifuta." Akapiga simu, akaongea na mtu, mnyororo ukatolewa. Nikamshukuru, tukaondoka. Mtu mzima mwenye cheo, mwenye sare ya mahali pale, akikuambia hivyo mbele ya mashahidi na mnyororo ukafunguliwa, una kila sababu ya kuamini kwamba jambo limekwisha.

Halijaisha. Wiki chache baadaye ikaja meseji: gari lenye namba zangu linadaiwa 50,000, nikichelewa deni litakabidhiwa kwa dalali, na gari likionekana kwenye kiwanja chochote cha kampuni litafungwa. Nilipiga simu mgahawani. Meneja akasema, "Hiyo ni mfumo tu, mama, nitawakumbusha." Meseji ikaja tena. Akasema tena atawakumbusha.

Hapa kwanza nieleze jambo ambalo watu wengi wanalichanganya, hata fundi wangu wa gari alilichanganya. Ada za kuegesha kando ya barabara za mjini ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Ni fedha ya serikali, inalipwa kwa namba ya malipo, yaani kontrol namba, na ukiingiza namba ya gari unaona unachodaiwa. Deni la kiwanja binafsi si hilo. Halina kontrol namba, halitokani na sheria ndogo ya halmashauri wala na askari wa usalama barabarani. Ni madai ya mkataba kati yako na aliyeweka bango. Kuitwa "faini" kwenye meseji hakulifanyi kuwa faini ya serikali. Hiyo haina maana kwamba ulipuuze. Madai ya mkataba yanaweza kufika mahakamani, na wao wana mnyororo. Maana yake ni kwamba linajibiwa kwa hoja za mkataba: nani aliahidi nini, kwa idhini ya nani, na kiasi kinachodaiwa kina uhalali gani.

Nilichelewa kuandika kwa sababu ilikuwa Januari. Washonaji mnanielewa. Shule zinafunguliwa, Makoroboi hapapitiki, kila mzazi anataka sweta na sketi ya jana. Siku moja niliegesha kwenye kiwanja kingine katikati ya mji, gari limejaa sare za shule moja ya Misungwi ambazo zilipaswa kufika kabla ya saa sita. Kutoka benki nikakuta mnyororo. Kijana wa pale, wa kampuni ile ile, akanionyesha kwenye simu yake deni la mgahawani. Nilimweleza maneno ya meneja. Akasema hayamhusu.

Nililipa, kwa sababu wale watoto walihitaji nguo. Lakini kwenye nakala ya risiti yao, mbele ya kijana, niliandika kwa kalamu: "Nimelipa ili nifunguliwe gari, sikubali deni hili, nitadai kurudishiwa." Tukasaini wote wawili, kisha nikapiga picha. Mtu yeyote akifikishwa hapo namshauri afanye hivyo. Malipo ya kimya baadaye yanaweza kusomwa kama kukubali, na maneno yale mafupi ndiyo yaliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote, ukiacha risiti ya EFD.

Usiku ule nilimpigia binti wa dada yangu, yuko Leicester, Uingereza, na kule mambo haya ni mkate wao wa kila siku. Akanieleza kwamba huko kampuni za maegesho ziko kwenye vyama vyao, na dereva aliyekataliwa rufaa na kampuni iliyo kwenye chama kimojawapo, BPA, anapeleka shauri lake kwenye chombo kinachoitwa POPLA bila kulipa kitu. Akaniambia pia kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya bwana mmoja, Beavis, aliyezidisha saa mbili za bure kwenye eneo la maduka la Chelmsford akadaiwa pauni 85. Alishindwa. Majaji walisema kampuni ilikuwa na sababu halali ya kutaka magari yapishane ili wateja wengine wapate nafasi. Nikamuuliza, kwa hiyo na mimi nimeshindwa? Akasema, "Hapana, mama mdogo. Huyo hakucheleweshwa na duka. Wewe umecheleweshwa na mwenye wateja. Tena huku ushauri wa kwanza kabisa ni urudi kwa mwenye eneo, siyo kwa mpangaji, umwombe aamuru ifutwe kwa maandishi."

Mwenye eneo. Hapo ndipo nilipopata mwanga.

Nilienda stesheneri, nikaandika barua mbili, moja kwa kampuni, moja kwa mgahawa. Sikuweka hasira wala historia ndefu. Niliweka saa: tiketi 13:08, oda 13:21, chakula karibu saa tisa, risiti 15:47. Niliweka picha ya bango na upande lilikogeukia. Niliandika majina ya vyeo vya waliokuwapo meneja alipoahidi. Nikanukuu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, kinachosema kwamba hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa masharti yakivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichotajwa ni kikomo cha juu tu. Nikauliza, kwa dakika arobaini na kitu nilizozidisha, kampuni imepoteza nini kinachofika shilingi elfu hamsini, wakati ada ya TARURA ya saa moja barabarani haikaribii hata elfu tano? Na chini kabisa nikaweka nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na kumwambia mteja deni limefutwa kisha kumfunga gari kwa deni hilo hilo ni kumpotosha.

Nilizipeleka mwenyewe, nikadai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zangu. Dada wa mapokezi wa kampuni alisema muhuri haupo. Nikakaa kwenye benchi. Muhuri ukapatikana.

Majibu ya kampuni yalikuja kwa maandishi, na nakiri yalikuwa ya wazi kuliko nilivyotegemea. Walisema meneja wa mgahawa ni mpangaji, mkataba wao ni na mwenye jengo, na mpangaji hana uwezo wa kufuta deni. Simu yake ya siku ile waliichukulia kama ombi la kufungua mnyororo tu. Sasa fikirieni. Mgahawa umekuwa pale muda wote huo, umekuwa ukiwaambia wateja "tunaifuta", na haukuwahi kuwa na uwezo huo. Sidhani meneja alinidanganya makusudi. Alikuwa hajasoma mkataba wa maegesho kwa sababu hakuwa nao, aliambiwa tu utaratibu kwa mdomo alipoanza kazi. Lakini hilo ndilo linaloniuma. Mgahawa unaokaribisha watu kula samaki wa saa moja na nusu unatakiwa kujua gari la mteja liko chini ya amri ya nani.

Meneja nilimpelekea jibu lile. Alilisoma mara mbili akiwa amesimama, na safari hii hakusema atawakumbusha. Aliketi, akaandika barua ya mkono yenye muhuri wa mgahawa, akieleza kwamba uchelewaji ulitoka jikoni kwake na kwamba aliniahidi mbele ya watu. Akaambatanisha karatasi ya oda. Kisha akapanda nami ghorofani kwa mwenye jengo. Ningependa wanaosoma hapa wajue hilo, kwa sababu mameneja wengi wangenielekeza mlango wakabaki chini.

Mwenye jengo ni mzee wa heshima. Alitukaribisha, akatuuliza habari za nyumbani kwanza, akataka kujua natoka upande gani wa Ukerewe. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nimekuja kwa jambo dogo lililokuwa kubwa." Akasoma barua zote. Alichosema nimekishika: "Mimi niliwaweka walinde nafasi za wapangaji wangu. Sikuwaweka wakamate wanaokuja kwa wapangaji wangu." Akamwita karani, ikachapwa barua fupi kwa kampuni: deni lifutwe, fedha irudishwe yote, gari liondolewe kwenye orodha. Saini, muhuri, nakala kwangu.

Kampuni ilinirudishia kwa M-Pesa, lakini 45,000. Walikata elfu tano "gharama za kufungua mnyororo". Nikawatumia picha ya barua, neno "yote" nimelizungushia duara. Elfu tano ikaja kesho yake. Nikaomba pia ujumbe wa maandishi kwamba namba ya gari langu haina deni kwao, na huo ninao kwenye simu na nimeuchapa uko kwenye dashibodi.

Kwa hiyo, tathmini. Chakula nawapa nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa kutoambiwa muda wa kusubiri. Huduma ya mezani tano, yule binti aongezwe mshahara. Meneja tatu: ahadi yake ya kwanza ilinigharimu, barua yake ya mwisho iliniokoa. Maegesho moja, na hiyo moja ni ya mlinzi mzee ambaye hakuwahi kunitolea neno baya.

Ukienda kula pale sasa, ukiagiza samaki mzima uliza papo hapo atachukua muda gani, na mpe mhudumu tiketi yako ya maegesho akupigie muhuri mwanzoni, siyo mwisho. Ukishazidisha kwa sababu yao na wakikuambia wamefuta, waambie waandike kwenye karatasi wapige muhuri, na uulize jina la mwenye jengo kabla hujaondoka. Kama unaweza, shuka na bajaji tu, uwanja usikuhusu.

Mimi nimerudi, nilimpeleka dada yangu. Kwenye kaunta wamebandika karatasi mpya, na nimeipenda: mteja wa samaki wa kuchoma anapewa saa tatu, na anayecheleweshwa na jiko anaandikiwa barua hapo hapo, ambayo nakala yake inapanda kwa mwenye jengo jioni ile ile. Ni kazi nzuri na nimemwambia meneja hivyo ana kwa ana. Lakini, kaka, ukisoma hapa: bango la getini bado linasema saa mbili, na bado limegeukia ndani. Mlinzi anafuata bango, hafuati karatasi ya kaunta. Ligeuzwe, liandikwe upya, wiki hii kama inawezekana, kabla ya msimu wa harusi.